Mama Mdogo kwa Kiingereza

"Sasa hiyo likizo ya kwenda kufanya kazi ndiyo likizo gani?" dada yangu aliniuliza kwenye simu. "Si bora akae hapa hapa apumzike?"

Nilikuwa kwenye kibanda cha simu nje ya stesheni ya Kingsbury, Jumapili mchana, baridi inanipanda miguuni na kadi ya simu inakula dakika zangu bila huruma. Yeye alikuwa Korogwe, kwenye duka la dawa la jirani yake, ambako ndiko tulikokuwa tukimpigia. Dada yangu akishika simu alipiga kelele, kwa sababu aliamini London ni mbali na sauti lazima isukumwe. Nilikuwa nimeshamweleza mara mbili. Nikamweleza mara ya tatu: kuna viza wanawapa vijana wa nchi za Jumuiya ya Madola, kijana anakuja Uingereza miaka miwili kutembea, na katika kutembea huko anaruhusiwa kufanya kazi kidogo ili apate cha kumwezesha kuendelea kutembea. Wenyewe wanaiita likizo ya kazi.

"Likizo unapewa kazini," dada akasema. "Mtoto hana kazi ya kudumu. Likizo ya kutoka wapi?"

"Ni jina tu, dada!"

"Jina haliwi jina tu," akasema, na kadi ikakata.

Nilinuna njia nzima mpaka nyumbani. Baadaye nilikuja kuona kwamba katika watu wote walioshughulika na jambo lile, wenye mihuri na wasio na mihuri, yeye peke yake ndiye aliyegusa palipokuwa panauma.

Mtoto mwenyewe alikuwa binti yake. Alikuwa pia binti yangu, na hapo ndipo mkasa wote ulipoanzia, kwa hiyo nieleze vizuri. Dada alimzaa na kumlea mpaka miaka minne. Wakati huo mimi nilikuwa mpiga chapa wizarani Dar es Salaam, sina mume, sina mtoto, nina chumba na sebule Ilala. Dada alikuwa na watoto wengine watatu na mume aliyehamishwa kituo cha kazi kila alipoanza kuzoea majirani. Akaniletea huyu akae kwangu kidogo. Hiyo kidogo ikawa miaka kumi na mitatu. Mimi ndiye niliyempeleka darasa la kwanza, niliyemsuka kila Jumapili akilia kana kwamba namchinja, niliyekesha naye alipougua surua, niliyemfinya alipolamba maziwa ya unga yote na kumsingizia paka. Hatukuwa na paka.

Aliniita mama. Dada naye aliitwa mama. Dada akija kututembelea, mtoto akiita "Mama!" tuliitika wote wawili, naye alicheka mpaka akakaa chini. Mbele ya wageni tu ndipo aliposema "mama mdogo," na hilo ni neno sahihi kabisa. Mdogo wa mama yako ni mama yako mdogo. Hakuna Mswahili anayehitaji kukalishwa kitako aelezwe hilo.

Nilipoondoka kuja London kusoma alikuwa na miaka kumi na saba. Nilimwambia nitakaa mwaka mmoja. Sikumdanganya, nilijidanganya pamoja naye. Masomo yakaisha, kazi ikapatikana, makaratasi yakakawia, na siku ile niliposimama kwenye kibanda cha simu ilikuwa imepita miaka kumi. Nilikuwa nimerudi nyumbani mara moja tu, kumzika mama yetu, wiki tatu zilizojaa watu na masufuria. Sikupata hata saa moja ya kukaa na mtoto wangu peke yetu. Nilimtaka aje. Nilitaka niamke asubuhi nimsikie bafuni anaimba huku anaoga, anamaliza maji ya moto, nimgombeze. Viza ya kutembea wiki chache isingenitosha. Na hii ya miaka miwili ilikuwa na umri wake wa mwisho, miaka ishirini na saba. Yeye alikuwa na ishirini na saba tayari, imebaki miezi mitano aivuke. Akikosa mara hii, basi.

Fomu sikuziogopa. Nilifanya kazi mapokezi kwenye hospitali moja kaskazini-magharibi mwa London, na watu wetu wote walinijua kwa fomu. Watanzania, Wakongo, waliniletea fomu za nyumba, za kodi, za shule za watoto, zimekunjwa mara nane na zina madoa ya chai, na mimi nilijaza huku nawasema. Kwa hiyo hii ya mtoto wangu niliiona ndogo. Nilisoma masharti mpaka nikayajua kwa moyo. Asiwe ameolewa, asiwe na watoto wanaomtegemea, awe na pa kufikia, awe na nauli ya kurudi, awe kweli ana nia ya kurudi. Na zaidi ya yote, awe anakuja kutembea. Kazi iwe ya kupita tu.

Nilimfundisha kila Jumapili kwa wiki sita. Yeye alikuwa anashikilia nafasi ya mwalimu wa chekechea pale Korogwe, na nilidhani mwalimu ataelewa maana ya kukariri.

"Ukifika utatembelea wapi?" nikamuuliza.

"Nitatembelea ule mnara wenye saa. Na jumba la malkia. Na mto. Na Kingsbury."

"Kingsbury hakuna cha kutembelea!"

"Si ndiko unakokaa wewe, mama?"

"Nakaa ndiyo, lakini nani atapanda ndege kuja kutazama Kingsbury Road? Kuna maduka ya mchele, ya sari na ya vitunguu. Sema majumba ya makumbusho."

"Nitatembelea majumba ya makumbusho," akasema kwa unyonge. "Halafu Kingsbury."

Mwenye nyumba wangu alikuwa bibi wa Kihindi, mjane, mzaliwa wa Mwanza, yeye anakaa chini na mimi juu. Kiswahili chake kilikuwa kile kile alichoondoka nacho dukani kwa baba yake, na alikitumia nami kila siku kwa furaha, maana wajukuu zake walimjibu Kiingereza hata akiwasemesha Kigujarati. Yeye alitakiwa aandike barua kwamba amekubali mgeni wangu akae kwake. Mimi niliandika barua yangu ya mwaliko, nikaipiga chapa safi, nikamwonyesha ili zisipishane. Kwenye barua yangu nilikuwa nimeandika, kwa Kiingereza changu cha ofisini, kwamba mwombaji ni niece wangu.

Bibi akavua miwani. "Hii niece ndio nani? Si ile mtoto yako? Kila siku wewe nasema mtoto yangu, mtoto yangu."

"Ni mtoto wangu. Kwa Kiingereza ndiyo niece."

"Haya. Mimi naandika niece," akasema. "Lakini ambia yeye pia."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Nilijiona mjanja sana siku ile. Nilikuwa nimemfundisha mtoto majina ya makumbusho manne, hali ya hewa ya mwezi wa saba na idadi ya vyumba vya nyumba ya bibi. Sikumfundisha mimi ni nani.

Alisafiri kwenda Dar es Salaam kwa mahojiano amevaa koti nililomtumia. Jioni alinipigia nyumbani kwa bibi, sauti imejaa furaha. Ofisa alikuwa mwanamke mpole sana, akasema, anatabasamu, anakusikiliza mpaka umalize.

"Alikuuliza makumbusho?"

"Hata! Aliniuliza nitakaa na nani London. Nikamwambia nitakaa na mama yangu."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia my mother. Halafu akauliza ninamwacha nani huku, kitu gani kitanirudisha. Nikamwambia mama yangu yuko Korogwe, lazima nirudi kwake. Akashangaa kidogo, akauliza kwani nina mama wangapi. Nikamwambia wawili. Huyu wa London ni my small mother."

Small mother! Namwona ofisa yule mpole, anatabasamu, anaandika.

Barua ya kukataliwa ilitoka baada ya siku chache, na mtoto akanitumia nakala kwa posta. Nimeshasoma barua nyingi za ofisi maishani mwangu, lakini ile ilinipandisha mori kwa neno moja. Sijaridhika. Ofisa hajaridhika kwamba mwombaji ni mpwa wa mwenyeji wake, kwa kuwa mwenyewe amesema huyo ni mama yake. Hajaridhika kwamba ana mama Tanzania wa kumrudia, kwa kuwa mama yake yuko London. Hajaridhika kwamba anakuja kutembea, kwa kuwa mtu anayemfuata mama yake huwa anafuata kuhamia. Hajaridhika kwamba barua ya mwaliko ni ya kweli. Mara nne hajaridhika kwenye ukurasa mmoja, kama mgeni wa harusi aliyekosa nyama.

Ningekuwa mtu mzuri zaidi ningempigia mtoto nimpe pole. Nilimpigia nikamfokea.

"Kwa nini ulisema mama?"

"Sasa ningesema nani?"

"Auntie! Ungesema auntie!"

"Auntie si shangazi? Wewe si shangazi yangu. Shangazi yangu yuko Handeni."

"Kwa Kiingereza auntie ni yeyote!"

"Yeyote?" akauliza.

"Ndiyo, yeyote. Dada wa baba, dada wa mama, mke wa mjomba, jirani, wote auntie."

"Lakini wewe si yeyote, mama," akasema, na kwa hilo nikazidi kukasirika, kwa sababu alikuwa amesema kweli na kweli yake ilikuwa imetuponza. Nikakata simu. Nilikaa kwenye ngazi za bibi nikaona aibu, lakini sikumpigia tena siku ile.

Bibi alinikuta pale na chai yake ya maziwa yenye tangawizi. Nikamweleza yote. Nilitarajia pole. Bibi akacheka mpaka kikombe kikatikisika.

"Nyinyi Waswahili iko na shida," akasema. "Sisi kila mtu na jina yake. Dada ya mama ni masi. Dada ya baba ni foi. Bibi ya mjomba ni mami. Bibi ya kaka ya baba ni kaki. Hakuna changanya. Nyinyi mama, mama, mama tu, nani atajua mama gani?"

"Sisi wenyewe tunajua."

"Na unajua kwetu mama ni nani?" akaniuliza, akiinamia sikio langu kana kwamba ananiambia siri. "Mama ni mjomba. Kabisa. Kaka ya mama yako, huyo ndio mama. Kwa hiyo mimi kama ofisa, mtoto yako aseme naenda kwa mama yangu London, mimi nafikiri anaenda kwa mwanamume na sharubu!"

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Kisha nikapanda juu nikaanza kuandika rufaa, maana haki ya rufaa ilikuwepo. Kama rufaa ingeshinda, wangehesabu umri wake wa siku alipoomba. Ikishindwa, atakuwa ameshavuka umri na hakuna kuomba tena.

Tulisubiri miezi kumi na moja. Katika miezi hiyo mtoto alitimiza ishirini na nane, nikamwimbia kwenye simu, na wote wawili tulijua tunaimba nini. Nilikwenda kwa mshauri mmoja aliyesaidia watu wenye kesi za uhamiaji bila malipo, jioni za Jumanne, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Alisoma faili lote, akanipa ushauri mmoja ambao ulinichefua kwa sababu ulikuwa mzuri. Ukiulizwa wewe ni nani wake, akasema, jibu neno moja. Usieleze mila. Ukianza kueleza mila wanadhani unaficha kitu.

Siku ya kusikilizwa nilivaa suti yangu ya kanisani, nikafika saa nzima kabla ya wakati. Kwenye fomu nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa kwamba sihitaji mkalimani. Mkalimani aliletwa. Alikuwa Mkongo wa Uvira, mtu wa makamo, koti limepigwa pasi mpaka linang'aa. Alinisalimia kwa adabu nje ya mlango.

"Jambo, mama. Nitakuwa nakusaidia na kutafsiri."

"Sihitaji, baba. Nazungumza Kiingereza kila siku kazini."

"Najua, mama. Lakini walishaniita. Nitaikala tu pale pembeni."

Hakimu alikuwa mzee mwenye mafua, ana boksi la karatasi laini mbele yake, anapenga kila baada ya sentensi mbili. Upande wa serikali alikaa kijana mwenye faili ambalo, kwa jinsi alivyokuwa akilifungua, ndiyo kwanza wanakutana. Niliapa kusema kweli. Nilisema nilivyofundishwa, kwamba mwombaji ni mtoto wa dada yangu, mimi ni auntie yake, nimeandika barua mwenyewe. Neno moja moja, sikueleza mila. Niliona hakimu anaandika na nikaanza kupata matumaini.

Ndipo kijana wa serikali akasimama na swali lake. Sitalisahau swali lile, kwa sababu hata leo sijalielewa. Aliuliza kama si kweli kwamba sikupata kumwambia mwombaji kwamba asiseme kwamba mimi si mama yake. Nikamwomba arudie. Akarudia, safari hii akaongeza "si" nyingine. Nikijibu ndiyo nimekubali nini? Nikijibu hapana nimekana nini? Nikasema sijafahamu swali. Hakimu akapenga, akamwonyesha mkalimani kidole, asaidie.

Mkalimani akanigeukia. "Mama," akaanza, "anauliza kama wewe uliambia mtoto..."

"Samahani!" Kijana wa serikali alikuwa ameinua mkono. Uso umemchangamka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akamwambia hakimu kwamba amesikia mkalimani akimwita shahidi mama. Neno hilo hata yeye analijua, liko kwenye faili. Je, mkalimani ni mtoto wa shahidi? Kama ni ndugu, shauri haliwezi kuendelea.

Mkalimani alikuwa na mvi. Alinizidi umri, nadhani kwa miaka mitano.

Hakimu akaweka chini karatasi yake, akamuuliza kama ananifahamu. Mkalimani akasimama wima, akajibu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba hajapata kuniona kabla ya leo. Kwa nini basi ameniita mama yake? Akasema hawezi kumwita mwanamke mtu mzima kwa jina lake, ni kumkosea heshima. Kwa Kiswahili kila mwanamke wa rika lile ni mama.

"Umewaita wanawake wangapi mama tangu asubuhi?" hakimu akauliza.

Mkalimani alifikiri kwa uaminifu. Yeye pia alikuwa ameapa. Akahesabu kwa vidole. Mimi, shahidi wa chumba cha jirani, dada wa usafi aliyempisha kwenye lifti, ambaye naye ni Mkongo. "Na mke wangu," akamalizia. "Wanne."

Hakimu alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikawa chafya. Alipopata pumzi akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza kwa muda wa mwaka mzima. Je, hili neno la mama mdogo, maana yake hasa ni nini?

"Ni mdogo wa mama yako," mkalimani akasema. "Nyinyi mnasema auntie. Sisi tunasema mama. Hatuna neno lingine."

Kijana wa serikali akafunga faili polepole. Nikajua tumeshinda, nikajikuta nataka kumkumbatia yule Mkongo. Lakini hakimu hakuwa amemaliza. Alitaka kumbukumbu ziwe safi, akasema. Akanitazama moja kwa moja, akaniuliza kwa sauti ya upole, kwa Kiingereza chepesi kabisa, swali lisilo na "si" hata moja. Je, wewe ni mama yake?

Nilikuwa na jibu refu. Lilikuwa na surua ndani yake, na maziwa ya unga, na daftari la darasa la kwanza nililolifunga kwa gazeti. Nilimkasirikia mzee yule kwa upole wake, nikamkasirikia mshauri wa maktaba, nikakikasirikia Kiingereza chenyewe kwa umaskini wake. Kila mtu pale chumbani alikuwa ananitazama, kalamu ya hakimu imeinuliwa.

"Hapana," nikasema. "Mimi si mama yake."

Akaandika. Nilisikia kalamu inakwaruza karatasi, na nikaona uchungu ambao sikuutegemea, uchungu wa kweli, chini ya mbavu.

Kwenye korido mkalimani alinifuata. "Unisamehe, mama," akasema, kisha akajishika mdomo. "Naona hii neno leo ilikuletea matatizo."

"Imetuokoa," nikamwambia. "Asante sana, baba." Nikaenda zangu haraka, nisije nikalia mbele ya mashine ya kahawa.

Barua ya ushindi ilikuja baada ya wiki tano. Ungedhani nitatulia, lakini mtu aliyeumwa na fomu hatulii. Viza kubandikwa ilichukua miezi mingine, na nilijua kwamba Heathrow kuna maofisa wengine, nao hawajaridhika vile vile. Atateleza tena, nilijiambia. Atafika dirishani, ataulizwa nani anampokea, atasema mama, watamrudisha na ndege ile ile. Kwa hiyo mafunzo yakaanza upya, kila Jumapili, na safari hii sikutaka mchezo.

"Nani anakupokea?"

"Mama."

"Nani?"

"Auntie."

"Utakaa kwa nani?"

"Kwa auntie."

"Mimi ni nani?"

"Auntie."

Nikamkataza kabisa lile neno lingine. Nilimwambia asilitumie hata tukizungumza mambo yetu, hata akinisalimia, ulimi uzoee. Akisahau nilimkatiza hapo hapo. Mara moja alilia kidogo, akasema anajisikia kama anazungumza na mwalimu wa sekondari. Nikamwambia alie lakini akariri. Baada ya mwezi hakukosea tena, na mimi nilijipongeza.

Alifika asubuhi moja ya mwezi wa sita. Nilikuwa nimesimama kwenye kizuizi cha wapokeaji tangu saa kumi na mbili, nimebeba sweta kwa ajili yake ingawa kulikuwa na joto. Milango ikafunguka akatoka, mwanamke mzima, mrefu kuliko mimi, amevaa lile lile koti la mahojiano. Aliniona, akaacha toroli katikati ya njia ya watu akaja mbio. Tulikumbatiana mpaka watu wakawa wanatuzunguka na mizigo yao.

"Shikamoo, auntie," akasema begani kwangu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema huku nacheka na kulia. "Basi, yameisha. Wako nyuma ya ukuta, hawatusikii."

Naye akacheka. Lakini kwenye treni alikuwa "auntie, tunashuka wapi," na kwenye Kingsbury Road "auntie, ndiyo haya maduka ya vitunguu," na nilipomwonyesha chumba chake, na kitanda nilichokinunua mwaka mmoja kabla ya wakati, akasema, "Asante sana, auntie."

"Humu ndani unaweza kuniita kama zamani," nikamwambia.

Akaangalia dirishani, kisha mlangoni. "Na wakija kuuliza?" akasema kwa sauti ya chini. "Uliapa, auntie. Mimi siwezi kukuharibia." Nikaona kwamba hatanii. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno.

Bibi alitupikia chai na chapati, akamshika mashavu, akamwambia amekuwa mzuri kuliko picha. Kisha akamkabidhi simu yake ya ukutani, apige nyumbani aseme amefika. Korogwe walikuwa wanangoja dukani. Simu iliita mara moja tu ikapokelewa.

"Mama!" mtoto akasema, na mimi, niliyekuwa nimesimama na sahani mkononi, nikageuka kuitika. "Mama, nimefika salama. Ndiyo. Hapana, hapana baridi. Niko hapa na auntie. Auntie anakusalimia."

Dada yangu hakuwa ameacha kupiga kelele kwenye simu. Sauti yake ilitoka ikajaa jiko lote la bibi, safi kama yuko chumba cha pili.

"Auntie? Auntie ndiyo nani?"

Mtoto akanitazama, hajui ajibu nini. Nikaweka sahani mezani, nikachukua simu mkononi mwake, nikamwambia dada ni mimi.